Wote Wanamwegemea Mayimuna

Mafuta ya mawese yakimwagika kwenye gauni jeupe hayatoki. Docus Biira alilijua hilo kabla hata hajageuka kumtazama aliyemgonga. Ilikuwa siku ya soko pale Bwera, watu wamebanana kuanzia kwenye marobota ya vitenge hadi karibu na daraja la mpakani, naye alikuwa amevaa gauni alilolishonesha Kasese makusudi kwa ajili ya kuonana na wakubwa wa yadi ya malori. Sasa ubavu mzima wa kushoto, kutoka kiunoni hadi pindoni, ulikuwa mwekundu na unateleza.

"Weye mama, unasimama mu njia sawa mulingoti!" alifoka mwanamke mnene mwenye jerikeni kichwani. Huyo alikuwa Martine, muuza mawese kutoka upande wa Kongo. "Mutu anapita na muzigo, weye unaangalia simu!"

"Yaani unimwagie mafuta, halafu mimi ndiye mwenye makosa?"

"Benzako beko wanasimama pembeni. Juu ya nini weye hapana?"

Docus alishika kiuno. Mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alizaliwa akiwa ameshakunja uso, na wanafunzi wake wa kompyuta kule Kasese wangeweza kuapa kuwa ni kweli. Alikuwa anafungua kinywa kumjibu Martine jibu ambalo soko lingelikumbuka, ndipo mwanamume mmoja akajipenyeza katikati yao.

"Mama Martine, umuhurumie. Huyu ni mgeni wangu."

"Mimi si mgeni wako," Docus alisema.

"Bado. Lakini una begi la kompyuta na umekasirika. Watu wote wanaokuja yadini kwetu wana moja kati ya hayo mawili. Wewe umeleta yote."

Alikuwa mrefu, shati la buluu limepigwa pasi hadi mikunjo inakata, mikono imekunjwa sawasawa, na katikati ya meno yake ya mbele palikuwa na mwanya. Bila kuuliza neno alinyoosha mkono kwenye kibanda cha jirani, akachukua kitenge cha njano chenye maua makubwa ya zambarau, akampa.

"Jifunge. Wakubwa wetu wakiona hilo doa watasahau ulichokuja kusema."

"Nitakirudisha."

"Nirudishie siku utakayocheka," alisema yule mwanamume. "Naitwa Bright Kule. Programu unayoitafuta ni yangu."

* * *

Watu wakisikia utafiti wa kompyuta hudhani ni mambo ya kutengeneza simu. Kazi ya Docus ilikuwa nyingine. Alikuwa anapima ubora wa programu kwa kutazama jinsi ilivyojengwa ndani. Programu hujengwa kwa sehemu nyingi, kama nyumba inavyojengwa kwa vyumba na kuta. Ukihesabu ni sehemu ngapi zinaitegemea sehemu moja, unapata kipimo cha mtegemeano. Ukitazama kama mambo yaliyowekwa pamoja ndani ya sehemu moja yanahusiana kweli, unapata kipimo cha mshikamano. Nyumba ambayo kuta zake zote zimeegemea nguzo moja yaweza kusimama miaka mingi bila mtu kujua hatari yake, mpaka aje mtu aiguse nguzo hiyo.

Vipimo hivyo vilibuniwa na watu wa mbali, kwa programu za mbali. Docus alitaka kujua kama vinasema kweli kuhusu programu zilizoandikwa hapa, na watu wa hapa, kwa shida za hapa. Kwa hiyo alihitaji wenye programu wakubali kumfungulia. Wengi walikataa, kana kwamba ameomba kuchungulia chumbani kwao. Bright alikubali.

Programu yake ilikuwa inapanga zamu za malori katika yadi ya chama cha wasafirishaji. Kabla yake, kuvuka kwenda Kongo kulikuwa ni kugombana: nani alifika kwanza, nani ana nyanya zinazooza, nani gari lake limekufa langoni na limewazibia wenzake. Siku hizi dereva alipata meseji kwenye simu yake, akavuka, ngumi zikapungua. Sifa zote zilikwenda kwa Bright.

Simu zilianza juma lile lile.

"Halo, daktari wa programu."

"Bado sijawa daktari."

"Basi halo, mgonjwa wangu. Unaumwa hasira, na dawa ninayo mimi."

"Bright, nina mitihani ya wanafunzi mezani. Sema ulichopigia."

"Nimepiga unifokee. Kutwa nzima hapa nafokewa na wanaume wenye ndevu. Nikasema leo nitafute sauti nzuri."

Docus alikata simu, kisha akakaa nayo mkononi akitabasamu peke yake kama mtu aliyerogwa.

Jumapili Bright alikuwa anakuja Kasese, na baada ya ibada walikuwa wanapanda hadi Kilembe, wakakaa juu ya mawe makubwa ambayo mto Nyamwamba uliyashusha siku ulipoghadhibika na kubomoa nyumba za watu wa mgodi. Docus alipenda kukaa pale. Alisema mto ule ana undugu nao.

"Hii programu yako," alimwuliza siku moja, "uliiandika na nani?"

"Peke yangu."

"Yote?"

"Kila mstari." Bright alisema hivyo akiyatazama maji, naye Docus akadhani ni unyenyekevu. Moyo wake ukamjaa. Hapo hapo Bright akamshika mkono, akamwambia kwamba mwezi ukiisha wazee wake watapanda kijijini Kyondo kuonana na Mzee Yosamu, baba yake Docus, mkulima wa kahawa asiyecheka na mtu. "Mbuzi wa mahari nimeshawachagua, mpenzi. Mmoja ana uso kama wako asubuhi."

"Mbuzi huyo atakupiga pembe."

"Ndiyo maana nimemchagua."

* * *

Docus aliifungua programu ya Bright siku ya mvua, chai ya tangawizi pembeni, kitenge cha njano magotini. Chombo chake cha kupimia kilihesabu kimyakimya, kisha kikachora picha: kila sehemu ya programu duara dogo, kila utegemezi mstari. Alizoea kuona picha zilizotawanyika kama nyumba za kijijini. Hii ilikuwa tofauti. Mistari ilikuwa inakimbilia mahali pamoja, kutoka kila upande, kama watu wanaokimbilia ajali.

Sehemu zote zilikuwa arobaini. Thelathini na moja zilikuwa zinaitegemea moja. Nyingine zilikuwa na majina ya kawaida, Lori, Dereva, Zamu, Lango. Hii iliitwa Mayimuna.

Chai ikapoa.

Akaingia ndani ya hiyo sehemu kusoma maandishi yake, na hapo ndipo maumivu yalipoanza. Yalikuwa mazuri. Kwingine kote programu ya Bright ilikuwa kazi ya mtu mwenye haraka, mambo yamerundikwa, majina ya ovyo. Lakini hapa kila jambo lilikaa mahali pake. Mtu alikuwa amewaza juu ya samaki wa Katwe na jua la saa sita, juu ya dereva mgonjwa, juu ya lori lililovunjika ekseli, na kila shida akaipa nafasi yake bila papara. Mshikamano wake ulikuwa wa juu kuliko wowote ambao Docus aliwahi kuupima.

Mtafiti angejiuliza kwa nini mkono umebadilika. Docus hakuwa mtafiti dakika ile. Alijiambia: mtu haandiki kwa upole huu juu ya jina la mwanamke asiyempenda. Akachukua simu.

"Bright, Mayimuna ni nani?"

Honi za malori zilisikika, kisha sauti yake ikaja taratibu. "Mayimuna gani?"

"Unawajua wangapi?"

"Docus, mpenzi, niko langoni, kuna kelele."

"Nauliza Mayimuna aliye katikati ya programu yako. Hata lango halifunguki bila kumwuliza yeye kwanza. Ni nani?"

"Ni jina tu. Watu huweka majina."

"Nimesoma programu za watu miaka yote hii. Watu huweka majina ya vitu. Wewe umemweka mwanamke."

"Ni mambo ya zamani, hayana maana."

"Ya zamani, lakini yako katikati?"

"Unataka nifanye nini?"

"Mtoe."

Mwanafunzi ambaye angependekeza kuing'oa sehemu inayotegemewa hivyo, bila kuuliza inafanya nini, Docus angemfelisha mbele ya wenzake. Alilijua hilo kama anavyolijua jina lake, na bado akalirudia neno: "Mtoe, Bright. Sitaolewa na mtu ambaye kila kitu chake kinamwegemea mwanamke mwingine."

"Nitamtoa," Bright alisema, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyefunguliwa kamba. "Na mahali pake nitakuweka wewe."

Docus alidhani hayo ni maneno ya mapenzi tu.

* * *

"Kuja Bwera," Bright alimwambia kwenye simu asubuhi moja ya juma lililofuata. "Kuja sasa. Wamenifungia ofisini."

Nyuma yake palikuwa na kelele kama za uwanja wa mpira. Docus aliwaacha wanafunzi na somo ubaoni.

Harufu ya yadi ilimpokea kabla hajafika langoni. Malori yalikuwa yameshikana pua na mkia mpaka barabarani. Ya simenti, yaliyotangulia kufika, yalikuwa yanaendelea kuvuka. Ya samaki yalikuwa yamesimama juani, maji machafu yanadondoka chini, na kutoka kwenye fuso moja la nyanya mchuzi mwekundu ulikuwa unatiririka kama kuna mtu aliyechinjwa. Madereva wamelizunguka dirisha la ofisi, kila mmoja simu juu.

"Huyu Docus ni nani?" alipiga kelele dereva mmoja wa samaki, mishipa ya shingo imemsimama. "Nimeuliza zamu yangu, simu inasema, DOCUS ANASEMA SUBIRI. Nauliza tena, DOCUS ANASEMA SUBIRI! Samaki inaoza, Docus anasema subiri!"

"Simenti inapita, samaki inabaki!" mwingine akadakia. "Huyo Docus anakulaka simenti?"

"Mumulete hapa! Iko wapi?"

Docus alisimama katikati yao, akakaza kitenge kiunoni. Kumbe hiyo ndiyo maana ya yale maneno ya Bright, mahali pake nitakuweka wewe. Bright alikuwa ameing'oa Mayimuna, akaandika sehemu mpya upesi upesi, akaipa jina la mchumba wake kama zawadi, na sehemu hiyo ilijua jambo moja tu: aliyefika kwanza avuke kwanza. Haikujua samaki wala jua.

"Kaeni chini! Hii si bar!" Huyo alikuwa Wahab, mwenyekiti wa chama, askari mstaafu mwenye tumbo kubwa na kofia nyeupe. Alimwona Docus, akamkumbuka. "Wewe mwalimu, wewe ndiye unapima hii kitu. Imekufa nini?"

"Mzee Wahab, niambie kwanza. Mayimuna ni nani?"

"Mayimuna? Mke wa Shafic wa duka la vipuri, hapo nyuma. Alikuwa anakuja hapa zamani kumchapia Bright maandishi kwenye kompyuta. Kuchapa tu. Bright mwenyewe alituambia."

Neno hilo, kuchapa, halikumwingia Docus. Lakini hasira ilikuwa imekwisha shika njia, naye akaifuata.

* * *

Mayimuna alifungua mlango akiwa na mtoto wa kike ubavuni, ushungi wa kijani begani, bisibisi mkononi. Mezani nyuma yake palikuwa na redio iliyofunguliwa tumbo.

"Karibu, dada. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Docus."

Mayimuna alimtazama kutoka utosini hadi kwenye viatu, kisha akaangua kicheko mpaka mtoto akashtuka. "Docus anasema subiri! Mume wangu amenionesha. Ingia, dada, kabla hawajakukamata."

"Sikuja kukaa. Nataka kujua mlikuwa nini na Bright."

"Tulikuwa nini?" Mayimuna aliweka bisibisi chini. "Wallahi, dada yangu, Bright sikumpenda hata muda wa kunywa chai. Anakula kwa kelele. Mimi nilipenda ile kazi."

"Basi kwa nini akuandike wewe katikati?"

Kicheko kilimtoka Mayimuna usoni chote kwa mara moja. "Ndivyo alivyokuambia? Kwamba *aliniandika*?"

Docus alishika mwimo wa mlango. Palikuwa na kitu kinamporomoka ndani, polepole, nacho hakikuwa wivu.

"Keti," Mayimuna alisema, na safari hii hakuwa anakaribisha, alikuwa anaamuru. "Mimi na Bright tulisoma diploma pamoja. Programu tuliianza wawili. Yeye akawa anaandika mambo ya lango na meseji, mimi nikakaa na madereva pale chini, nikisikiliza wanagombania nini. Ile sehemu inayoamua niliiandika mimi. Nikaipa jina langu, kwa sababu nilijua halitaonekana mahali pengine popote."

"Halafu?"

"Halafu nikajifungua, mtoto akaugua. Huyu. Nililala naye hospitali ya Kilembe siku nyingi, nikampigia Bright, nikamwambia endelea, mimi sina nguvu. Nikarudi siku ya uzinduzi, nikakaa nyuma na mtoto mgongoni. Wageni wakauliza, nani ameitengeneza? Akasema, mimi. Akaniona. Akasema, na yule dada alinisaidia kuchapa." Alivuta pumzi. "Nilimwachia kazi aiendeleze. Jina sikumwachia."

"Na hukusema?"

"Kwa nani? Nimwambie Wahab kwamba msimbo, yale maandishi ya programu, ni wangu, naye hajui msimbo ni mnyama gani? Ningeonyesha nini?"

Docus alifungua kompyuta yake juu ya meza, kando ya redio, akamgeuzia ile picha. Mayimuna aliinama. Mtoto naye akainama.

"Mistari yote hii inakwenda wapi?"

"Kwako."

"Mingapi?"

"Sehemu thelathini na moja kati ya arobaini."

Mayimuna aligusa kioo kwa ncha ya kidole, pale katikati, kama anayegusa jiko kuona kama lina moto. "Na kipimo chako kinasema nini? Ni mbaya au ni nzuri?"

"Kinasema mambo mawili. Sehemu hii imejengwa vizuri kuliko zote nilizowahi kupima. Na hao wengine wote ni wavivu wanaoiegemea."

Mayimuna alicheka, na katikati ya kicheko akashika ncha ya ushungi akajifuta macho.

Docus alitazama pembeni. Hasira aliyokuja nayo ilikuwa ya wivu, nyepesi, ya kuwaka na kuzimika. Hii iliyomwingia sasa ilikuwa nzito na baridi, na sehemu yake ilimhusu yeye mwenyewe. Bright alikuwa amelifuta jina la mwanamke huyu mbele ya watu. Lilibaki mahali pamoja tu, ndani, gizani, na yeye Docus ndiye aliyeagiza lifutwe hata hapo.

"Utakuja kuirudisha?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Samaki hawana kosa, nitakuja. Lakini sipiti mlango wa nyuma. Na asije akanishukuru kwa kuchapa."

* * *

Walipita katikati ya madereva, mtoto mgongoni kwa mama yake, na Wahab akawafungulia ofisi. Bright alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, shati limelowa jasho, macho mekundu. Alimwona Docus akainuka kwa furaha. Alimwona Mayimuna akakaa tena.

"Docus, nilifanya kwa ajili yako."

"Usinitaje. Leo nimetajwa vya kutosha."

"Mpenzi, sikiliza."

"Nisikilize wewe! Nilipanda gari nikidhani ulimpenda huyu. Ningelia, ningekutukana, ningekuelewa. Kumbe ulimwibia. Hilo sijui nilielewe vipi."

"Yeye mwenyewe aliniambia niendelee."

"Nilikuambia uendelee na kazi," Mayimuna alisema mlangoni. "Uongo ulianza nao peke yako. Huo ndio uliouandika kila mstari."

Bright alishika kichwa. "Waliniuliza mbele ya watu, neno likanitoka. Nikasema nitarekebisha kesho. Kesho wakaja wageni wengine wakauliza tena, na mimi nikawa nimeshakuwa huyo mtu."

"Na mimi nilipokuuliza pale mtoni?"

"Nilitaka unione mkubwa."

"Ungesema tuliandika wawili, ningekuona mkubwa! Mimi kazi yangu ni kupima programu, Bright. Ulinipa hii yako niipekue. Ulidhani sitaona kwamba ina mikono miwili?"

Nje madereva walikuwa wanagonga bati la dirisha. "Nilijua utaona," Bright alisema. "Ningeweza kulifuta jina lake kabla ya kukupa. Nililiacha. Nilichoka kuogopa. Nikasema akiona, na anikamate."

"Na mimi nikaona," Docus alisema, "nikashindwa kusoma. Nikakuambia umfute. Ukanitii upesi, kwa sababu ulipenda iwe hivyo! Tulimfuta wote wawili." Akanyoosha mkono kwenye mlango. "Toka nje. Uwaambie."

Bright alitoka. Alipanda juu ya bodi la lori la simenti lililorudi tupu, vumbi likampaka suruali.

"Wenzangu," alianza.

"Tunataka kuvuka, hatutaki hotuba!"

"Nyamaza!" Wahab aliunguruma. "Mutu anaongea!"

"Programu hii mnayoisifia," Bright alisema kwa sauti iliyokauka, "ile akili yake, ile inayojua samaki na nyanya, si mimi niliyeiandika. Aliiandika Mayimuna, mke wa Shafic. Niliwaambia alikuwa anachapa. Niliwadanganya, na nikaendelea kuwadanganya. Juma hili nimeitoa kazi yake nikaweka upuuzi wangu, ndiyo maana mnaoza hapa. Huyo Docus hana kosa."

"Ninalo," Docus aliita kutoka chini, na watu wakageuka. "Docus ni mimi. Nilimwambia aitoe, kwa wivu, bila kuuliza inafanya kazi gani. Na kupima programu ndiyo kazi yangu."

"Kumbe ndiyo weye!" Martine alikuwa amekaa juu ya majerikeni yake pembeni mwa lango, anatazama kama yuko sinema. "Mama ya gauni nyeupe! Nilikuambia, weye unasimama mu njia ya batu!"

Yadi ililipuka kwa kicheko kikali kisicho na huruma. Katikati ya kicheko hicho dereva wa samaki alichomoa sato mmoja kutoka kwenye sanduku lake, aliyevimba, akamrusha kwa nguvu zake zote. Samaki huyo alimpata Bright kifuani, akaacha alama ndefu juu ya shati la buluu lililopigwa pasi. Hakuna aliyeomba radhi. Bright naye hakujifuta.

Ndani, Mayimuna alikuwa ameketi kwenye kiti cha Bright na Docus amerudi kando yake, anamsomea nakala ya zamani iliyokuwa kwenye kompyuta yake ya utafiti. Bright aliporudi, Mayimuna alimfungua mtoto mgongoni bila kugeuka, akamkabidhi. Mtoto alinusa shati, akapiga yowe, naye Bright akawa anazunguka naye ofisini akimbembeleza huku wanawake wawili wakifanya kazi. Sehemu iliyoitwa Docus iliondolewa mbele ya macho ya Docus, naye ndiye aliyebonyeza.

Kisha simu zikaanza kulia yadi nzima, moja baada ya nyingine. Dereva wa samaki aliisoma yake kwa sauti. "MAYIMUNA ANASEMA VUKA!" Lori lake likaguruma.

Wahab alimgeukia Mayimuna, akapiga visigino kama siku za jeshini. "Afande, kuanzia leo mashini hii ni amri yako, na mukutano wa chama nitauambia mimi. Na wewe, Bright," alisema bila kutabasamu, "utachapa."

* * *

Jua lilikuwa limeanza kulegea Docus alipofika langoni, begi begani. Bright alimfuata, akasimama hatua chache nyuma kama mtu aliyeletwa kituo cha polisi.

"Docus."

"Usiniite mpenzi."

"Sijakuita."

"Ulikuwa unataka."

Ilikuwa kweli. Malori yalikuwa yanapita kuelekea darajani, moja moja, bila honi.

"Katika utafiti utaandika nini?"

"Kwamba kipimo kilisema kweli, mpimaji ndiye aliyekuwa kipofu. Na majina ya walioandika. Mayimuna wa kwanza."

"Na mimi?"

"Wa pili. Hata lango ni kazi."

"Umenisamehe?"

"Hapana."

"Niwaambie wazee wasipande Kyondo? Mbuzi niwarudishe?"

Docus alimtazama. Alimtazama usoni, akatazama lile doa kifuani, akakasirika upya, na alichokasirikia hasa ni kwamba bado alikuwa anautafuta ule mwanya wa meno.

"Baba ameshaambiwa mnakuja?"

"Ameshaambiwa."

"Basi njooni. Lakini kabla hujalitaja neno mbuzi, utasimama mbele ya baba yangu na wajomba zangu, uwaeleze ulichofanya, chote, kama ulivyowaeleza madereva. Wakikufukuza, umefukuzwa, na mimi sitatoka nje kukutetea."

"Na wasiponifukuza?"

"Nitakuwa jikoni, nimekasirika. Lakini nitakuwepo."

Kitu kilitaka kucheka katika uso wa Bright. Alimwona Docus anavyomtazama, akakimeza. Docus alifungua kitenge cha njano kiunoni, akamsogelea, akaanza kulifuta lile doa la samaki kwa nguvu, kama anayesugua sufuria.

"Halitoki," Bright alisema.

"Najua halitoki. Simama wima."

Alipochoka, alikikung'uta kitenge. Bright alinyoosha mkono kukipokea.

"Ulisema nikirudishe siku nitakayocheka," Docus alisema. "Nimecheka leo?"

"Hapana."

"Basi bado ni changu." Akakifunga tena kiunoni, kikinuka samaki, akaenda kutafuta gari la Kasese.